Viza ya Mikono

Siku maombi ya viza ya Eliakunda yalipojazwa, mume wake Melkiori alikuwa amejilaza kwenye kochi, laptopu tumboni, jicho moja kwenye fomu na jingine kwenye mpira. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa pili, na theluji ya Burnsville, Minnesota, ilikuwa imeyazika magari ya wapangaji wote hadi kwenye vioo. Eliakunda alikuwa jikoni akimenya ndizi. Hakutaka kwenda kukaa karibu na mumewe, kwa sababu wakikaa pamoja mbele ya kompyuta hugombana, na hilo wanalijua wote wawili. Kwa hiyo Melkiori alisoma maswali kwa sauti, na Eliakunda akajibu kwa sauti kubwa zaidi kutoka kwenye sinki.

Uraia? Mtanzania, tena wa Machame, ingawa Machame fomu haikuiuliza. Makazi? Marekani, mkazi wa kudumu. Wazazi wako hai? Wote wawili wamelala kwenye migomba ya kihamba chao, shamba la ukoo, Mungu awarehemu, andika wamefariki. Na madhumuni ya safari?

"Andika nakwenda kumkanda mzazi," Eliakunda akasema.

Melkiori ni mhandisi wa barabara, mtu wa kunyoosha mambo, na neno akipewa hulitafsiri lilivyo. Isitoshe, wakati huo kulikuwa na penalti. Kwa Kiswahili, kila aliyewahi kupita jikoni anajua kwamba mzazi ni mwanamke aliyejifungua juzijuzi, yule anayepikiwa mtori na kukandwa kwa maji ya moto mpaka mifupa irudi mahali pake. Kwa Kiingereza cha Melkiori mzazi akawa *parent*, yaani yule aliyekuzaa wewe. Akabonyeza kitufe, maombi yakaenda, na penalti ikadakwa.

Mzazi mwenyewe alikuwa Careen, binti yao wa pekee. Alikulia hapo hapo Burnsville, akaenda Ulaya kusomea shahada ya pili, akaolewa huko na Ntwali, Mkongo wa Goma. Nchi yenyewe haitatajwa, kwa sababu wapo ndugu zetu ambao bado wanaisubiri viza yake. Tangu alipoanza shule, Careen alikuwa akisikia Kiswahili chote na kujibu Kiingereza kitupu. Ukimgombeza kwa Kiswahili, atakuomba radhi kwa Kiingereza.

Sasa, siku chache baada ya kujifungua, alipiga simu ya video. Mapazia nyuma yake yalikuwa yamefungwa ingawa kule ilikuwa mchana. Mtoto alikuwa analia, na yeye mwenyewe alikuwa analia bila kujifuta. Maziwa yalikuwa hayatoki vizuri, chakula hakipiti, na Ntwali alikuwa kazini baharini kwenye mitambo ya upepo, ambako hukaa wiki mbili mbili.

"Mama," Careen akasema, "njoo unikande."

Alisema kwa Kiswahili, bila kukosea hata kidogo. Eliakunda alikata simu akaenda kutafuta sanduku, maana mtoto wa Burnsville aliyesahau Kiingereza ni mtoto anayezama.

Kuhusu makaratasi hakuwa na wasiwasi. Eliakunda si mtu wa wasiwasi. Kadi ya kijani, ile ya ukazi wa kudumu, alikuwa nayo miaka mingi, na uraia hakuuchukua kwa makusudi: Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili, na akiapa hapa, ataingia kwao kama mgeni, apange foleni na watalii wa Kilimanjaro ili akafagie makaburi ya wazazi wake. Hilo hakulitaka. Tena kadi yenyewe alishaiona ikifanya kazi. Mwaka mmoja walikwenda Winnipeg kwa gari, harusini, na pale mpakani ofisa wa Kanada aliangalia pasipoti na kadi, akauliza kama wamebeba matunda, akawaambia wapite. Tangu siku hiyo Eliakunda aliamini kwamba kadi ya kijani inafungua milango ya dunia nzima, na imani hiyo aliieneza hadi kanisani.

Aliyemfungua macho ni Makena, rafiki yake Mkenya wa Apple Valley, nesi mwenzake. Nchi aliyokaa Careen haikutaka kujua mtu anaishi wapi. Iliangalia pasipoti, na mwenye pasipoti ya Tanzania alitakiwa kuomba viza, awe anakaa Minnesota au Mwanza.

"Mama Careen," Makena alimwambia, "hiyo green card ni ya kurudi huku. Si ya kuenda kwingine."

Ndipo fomu ikajazwa, kwa namna iliyokwisha kuelezwa.

Miadi ilikuwa Chicago. Ofisa wa viza alikuwa kijana mpole mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Kwanza alimwambia Eliakunda aweke vidole kwenye kioo cha mashine, na mashine ikavipokea vyote kwa mara moja, ikawasha taa ya kijani. Kisha akasoma madhumuni ya safari, akauliza ni mzazi gani anayekwenda kukandwa, ikiwa wazazi wote wawili wa mwombaji wamefariki. Eliakunda akacheka. Akaeleza kwamba mzazi ni binti yake. Ofisa akasema binti yake hawezi kuwa mzazi wake. Eliakunda akaeleza tena, na ili kuliweka sawa akaongeza kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi, jambo lililoharibu zaidi, kwa sababu sasa wazazi walikuwa wamefika watatu. Mwishowe akajiweka sawa kwenye kiti na kumkumbusha kijana kwamba yeye si mtu wa kuzamia popote, ni mkazi wa kudumu wa Marekani. Ofisa alikubaliana naye kabisa. Alisema mkazi wa kudumu ni mtu anayetakiwa kudumu.

Pasipoti ilirudi kwa posta mwezi uliofuata, na uamuzi ukiwa ndani. Ofisa alikuwa mtu wa haki. Alipima madhumuni ya safari, akaona kwamba kukanda ni shughuli halali, na kwamba shughuli hiyo hufanywa na mikono. Kwa hiyo mikono ilipewa viza ya miezi mitatu. Sehemu nyingine za mwombaji hazikuonyesha sababu ya kutosha ya kusafiri, wala hakikisho kwamba zingerudi. Kwenye stika, pale panapokaa picha ya uso, palikuwa na picha ya viganja viwili vilivyotanua vidole, na chini yake jina la Eliakunda limeandikwa bila kosa.

Melkiori aliisoma stika, akavua miwani, akaisoma tena. Alijua kosa lilikuwa la nani. Alisema walau jina wamelipatia.

"Basi inatosha," Eliakunda akasema. "Kwani nitamkanda kwa masikio?"

Asubuhi ya safari aliweka pasipoti mezani, na mikono ikatoka. Ilitoka kwenye vifundo bila damu wala maumivu, kama mtu anavyovua saa, na mahali ilipotoka pakabaki laini kama kiwiko. Mikono ilikunja kanga mbili, ikaweka chupa ya mafuta ya nazi kwenye mfuko, ikafunga zipu, ikavaa glavu kwa sababu nje kulikuwa na baridi. Ikachukua pasipoti. Ikachukua na kadi ya kijani, kwa kuwa bila kadi isingeweza kurudi nchini.

Hapo ndipo Melkiori alipopata la kusema. Sheria inamtaka mkazi wa kudumu atembee na kadi yake wakati wote, na majira hayo hapa mjini watu walikuwa wakisimamishwa barabarani na kuulizwa wao ni nani. Alitaka mke wake akae ndani mpaka mikono irudi. Eliakunda alimjibu kwamba hajaiba kitu cha mtu, na wakiitaka kadi, wakaiulize mikono.

Makena alikuja na gari lake, akaibeba mikono na mfuko wake kwenye kiti cha nyuma, na Eliakunda mbele. Njia nzima Makena alikuwa akiwaza kama ni sawa kuifunga mkanda. Uwanjani, mhudumu wa kaunta aliuliza kama hiyo mikono ni abiria au ni mzigo wa mkononi. Mwenyewe hakujua, akamwita mkubwa wake. Mkubwa akaiingiza mikono kwenye lile sanduku la kupimia mabegi, ikaenea vizuri na nafasi ikabaki, lakini kwa kuwa ilikuwa na pasipoti na viza, iliamuliwa kwamba ni abiria. Ikapewa kiti cha dirishani.

Kazini hawakusumbua. Eliakunda alikuwa msimamizi wa wauguzi katika nyumba moja ya wazee, na dada wa ofisi ya utumishi alimweleza kwa ukarimu kwamba mikono itahesabiwa kuwa iko likizo isiyo na malipo. Yeye aliyebaki ataendelea na zamu kama kawaida, kwa vile kazi ya msimamizi ni mdomo. Eliakunda akaendelea. Milango aliifungua kwa kiwiko, simu alishikiwa, na wauguzi wake walisema hajawahi kuwa mkali kama miezi ile. Nyumbani Melkiori alimlisha, akamvalisha, akamfunga kilemba Jumapili, cha kwanza kikakaa upande kama kofia ya mlevi. Mwanamume huyo hakuwa amemfunga mtu kilemba maishani. Kufikia Pasaka alikuwa anafunga vizuri.

Kila kilichoguswa na mikono huko, Eliakunda alikihisi huku. Kwanza alihisi kitasa cha mlango, cha baridi. Kisha uso wa Careen, wenye maji. Alikuwa kwenye mkutano wa wakuu wa zamu, akasimama katikati ya sentensi ya mtu, akasema, "Imefika," kisha akaketi.

Mikono haikupoteza muda. Ilifungua mapazia. Ilichemsha maji, ikachovya taulo, ikajaribu joto kwa kidole, ikaanza kumkanda Careen kuanzia mabegani, ikashuka mgongoni, kiunoni, mapajani, ikibonyeza pale penye maumivu na kupapasa pale penye woga. Ikamfunga tumbo kwa kanga. Ikapika mtori kwa ndizi za duka la pembeni, ndizi zilizotoka Amerika Kusini na zisizojua maana ya mtori, na bado ukawa mtori. Ikamwogesha mtoto, ikamkausha mikunjo yote, ikampaka mafuta. Mtoto aliitwa Elihuruma. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Hii ilikuwa miwili, kwa hiyo hapakuwa na ubishi.

Ntwali aliporudi kutoka baharini aliikuta jikoni ikikoroga sufuria. Kwao Goma mtu hamsogelei mama mkwe hovyo, na hakuona kwa nini mambo yawe tofauti kwa sababu mama mkwe amekuja pungufu. Alisimama mlangoni, akavua kofia, akainama.

"Jambo, mama mukwe," akasema. "Karibu kwetu."

Mikono ikaweka mwiko chini, ikajifuta, ikaunganisha viganja kumpokea. Tangu siku hiyo Ntwali alikuwa anakula sebuleni mikono ikiwa jikoni, na akitaka chumvi anamtuma mke wake. Majirani walipouliza, Careen aliwaambia ni mama yake. Majirani wakasema wanaona inafanana naye.

Baada ya muda Careen alianza kumaliza bakuli. Maziwa yakatoka. Akaanza kulala mchana mikono ikiwa na mtoto, na jioni moja alipopigiwa simu alipokea akiwa amesuka nywele, nyuma yake jua limeingia, akamwambia mama yake kwa Kiingereza safi kwamba yuko sawa na aache kumuuliza uliza. Eliakunda alifumba macho akamshukuru Mungu. Kiingereza kilikuwa kimerudi.

Lakini mkandaji hukanda na mdomo pia. Ndiyo kazi yenyewe ilivyo. Anabonyeza huku anasema pole mzazi, hongera mzazi, anamtania, anamsimulia nani alilia zaidi yake, anamgombeza kidogo akijikaza. Eliakunda alijaribu. Careen aliegemeza simu kwenye birika, na mama yake akasema kutoka Burnsville huku mikono ikifanya kazi huko. Careen akaomba waache. Sauti ilitoka upande mmoja na mikono upande mwingine, na kichwa chake hakikujua kigeukie wapi. Halafu kulikuwa na habari ya mgongo. Elihuruma alikuwa mtoto wa kulia saa za magharibi, kilio kile ambacho dawa yake ni kubebwa mgongoni na mtu mzima anayetembea huku anaimba. Mikono iliweza kukunja kanga, ikaweza kumwinua mtoto, ikabaki imemwinua. Mgongo ulikuwa Minnesota. Eliakunda, akiwa amesimama dirishani Burnsville, alikuwa akiinama bila kujua, kama mtu anayepokea mtoto.

Viza ilipokwisha mikono iliaga na kurudi, bila kuzidisha hata siku moja. Pale uwanjani ofisa wa uhamiaji alitafuta uso wa kulinganisha na kadi, hakuuona, akaiambia mikono iweke vidole kwenye kioo. Vidole vikakubaliwa. Akaiambia karibu nyumbani. Mikono ikajipachika mahali pake ndani ya gari la Makena, ikinukia mafuta ya nazi na maziwa, na Eliakunda akaiweka puani njia yote ya kurudi.

Kufikia hapo habari zilikuwa zimeenea kwa Waswahili wote wa Minnesota, na watu hawakulaza damu. Kiprop wa Saint Louis Park alialikwa mbio za Ulaya, akaomba viza, miguu yake ikapewa. Ilikwenda, ikashika nafasi ya nne, ikarudi na soksi mpya. Mdomo wa Mchungaji Zachariah ulipata viza ya mkutano wa injili, na washarika wake waliobaki walisema ibada hazijawahi kwisha mapema hivyo, Bwana asifiwe. Kila mtu alipewa kile kilichohitajika. Aliyepewa mwili mzima hakupatikana.

Eliakunda aliamua kuomba upya, safari hii kwa maneno sahihi. Alijaza mwenyewe, baada ya kuzima televisheni na kumtuma Melkiori dukani. Makena alikuja kushauri. Walikaa mezani na chai, wakipima neno moja moja kama dawa. Kumwona mjukuu? Watatoa viza ya macho. Kumbeba? Watatoa mgongo, na mgongo peke yake utapandaje ndege. Eliakunda akapendekeza kukaa na mwanawe.

"Wacha!" Makena akasema. "Ukiandika kukaa, watakupea viza ya makalio."

Walicheka mpaka chai ikapoa. Kisha Eliakunda akajifuta machozi na kuandika lile alilolitaka tangu mwanzo. Aliandika: madhumuni ya safari ni kuwa na mwanangu. Hakuongeza kitu, na Makena alipoisoma hakuona cha kupunguza.

Jibu lilikuwa la adabu sana. Ofisi ilikuwa imechunguza kwa makini madhumuni aliyoyataja, ikauliza na wataalamu, na haikupata kiungo cha mwili kinachofanya kazi ya kuwa. Hivyo hapakuwa na sehemu ya mwombaji inayoweza kupewa viza, na maombi yamekataliwa. Pamoja na hayo, mikono yake ilipongezwa kwa kurudi kwa wakati. Ilipewa viza ya kuingia na kutoka kwa miaka miwili, bila kuomba.

Eliakunda alikasirika. Alikasirika hasa, hasira ya mtu aliyefanya kila jambo kwa utaratibu: aliyelipa kodi, aliyesubiri foleni, aliyeweka vidole kila alipoambiwa aweke. Aliitupa pasipoti kwenye droo ya vijiko. Melkiori alianza kusema kwamba walau mikono, na hakumaliza.

"Nitakwenda mzima au siendi," Eliakunda alimwambia. "Mimi si glavu."

Na alimaanisha. Kiangazi chote hakwenda. Alitia mikono yake kwenye bustani ya kanisa, kwenye unga wa chapati, kwenye vichwa vya watoto wa watu Jumapili. Jioni ikifika ilikuwa inajikunja yenyewe, kiganja kimoja juu na kingine chini, kwa ukubwa wa kichwa cha mtoto na mgongo wake. Eliakunda aliikunjua akaikalia.

Majani yalipoanza kugeuka rangi, Careen alipiga simu. Ntwali alikuwa baharini tena. Elihuruma alikuwa anaota meno, na kwa siku kadhaa alikuwa hakubali mtu amwogeshe, si mama yake, si dada wa kliniki. Careen alikuwa na sauti ya mtu asiyelala. Alisema kwa Kiingereza kwamba hana shida, amepiga tu ili mtoto amwone bibi. Akaiweka simu sakafuni, akamketisha mtoto mbele yake.

Elihuruma aliutazama uso wa bibi yake kama watu wanavyoitazama saa ya ukutani, akageukia soksi yake. Eliakunda alimwita jina. Akamwimbia ule wimbo aliomwimbia Careen, ambao yeye mwenyewe aliimbiwa na mama yake, na mama yake aliimbiwa na wake. Mtoto alivuta soksi. Eliakunda akainua mkono kujikuna shavu.

Mtoto aliacha soksi. Alicheka kwa sauti, akatambaa hadi kwenye simu, akaweka kinywa chake kwenye kioo pale mkono ulipokuwa. Eliakunda akainua na wa pili. Elihuruma akapiga kelele za furaha, akaanza kuivuta fulana yake avuliwe, aogeshwe.

"Mama," Careen akasema, kwa Kiswahili, taratibu, "sogeza uso kidogo. Unaziba."

Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amechoka, na mtoto alikuwa anacheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Eliakunda alisogeza uso. Alikaa pembeni ya picha akalia, huku mikono yake ikicheza mbele ya kamera, ikifanya ndege, ikifanya samaki. Haikuweza kumfuta, kwa kuwa ilikuwa na kazi.

Siku ya Alhamisi aliitoa pasipoti kwenye droo ya vijiko akaiweka mezani. Mikono ikatoka. Melkiori alikuwa ameshakunja kanga, na ndiye aliyeivalisha glavu, kidole kwa kidole. Makena alikuwa nje na gari linawaka. Walishika barabara kuu ya I-35 kwenye foleni ya asubuhi, wanawake wawili mbele na mikono nyuma, na safari hii Makena aliifunga mkanda bila kuuliza mtu.

Kaunta hawakuhoji chochote. Mikono ilikuwa kwenye mfumo, kama msafiri wa kawaida. Iliweka pasipoti na kadi pamoja, ikashika mfuko, ikajiunga na foleni ya ukaguzi kati ya mzee mwenye gongo na familia iliyovaa kofia za Mickey. Walipofika mwisho wa kamba, mahali ambapo msindikizaji hapiti, mikono iligeuka. Mmoja ulishika mfuko. Mwingine ukainuka juu ya vichwa vya watu, ukampungia Eliakunda.

Eliakunda alisimama wima, kilemba chake kimefungwa vizuri, akautazama ukimpungia. Hakuwa na cha kupungia. Makena akainua mkono wake, akapunga kwa niaba yake.